Kipoza oili kwenye Subaru ya turbo: maswali ninayoulizwa kila wiki gerejini

Kwanza jina. Mafundi wengi husema "oili kula", yaani oil cooler, kifaa cha kupunguza joto la oili ya injini. Mama mmoja aliyeniletea Impreza ya mwanawe alilisikia hilo neno akaruka: "Tena mnaweka kitu cha kula oili, na hili gari lenyewe linakula kila mwezi?" Tangu siku ile naandika kipoza oili kwenye risiti zangu zote.

Gereji yangu iko Mombasa, na asilimia kubwa ya magari yanayokuja kwa kazi hii ni Impreza WRX na STI zenye injini za EJ20 na EJ25. Kwa hiyo majibu haya nimeyaandika nikiwa na Subaru kichwani. Mwenye Lancer Evolution ya Mitsubishi au GT86 ya Toyota atayaelewa, ila asome kwa jicho la tofauti zake.

Kwani gari halikuja na kipoza chake kutoka kiwandani?

Limekuja nacho, mara nyingi. Ukilala chini ya STI ukatazama filta ya oili, juu yake utaona kidude cha bati cha duara kilichobanwa kati ya filta na injini, kina paipu mbili nyembamba za maji. Oili inapita upande mmoja, maji ya rejeta upande mwingine. Asubuhi maji yanapata moto haraka kuliko oili, basi yanaisaidia oili kupanda. Baadaye oili ikizidi, joto linahamia kwenye maji.

Ni kitu kizuri na usikidharau. Udhaifu wake ni kwamba hakiwezi kuishusha oili chini ya joto la maji yenyewe, na kila joto kinaloliondoa kinamtwisha rejeta mzigo. Ukikanyaga kwa nguvu dakika kumi mfululizo, maji na oili vinapanda pamoja kama ndugu.

Evolution IV hadi IX zilitoka kiwandani na kipoza cha hewa pembeni mwa bampa la mbele. GT86 za kizazi cha kwanza hazikupewa chochote, na ndiyo maana wenye hizo hulalamika mapema kuliko wote.

Nitajuaje kama nakihitaji?

Kwa geji. Hapa ndipo ninapogombana na vijana. Mtu anakuja na boksi limeshanunuliwa, kipoza cha safu 25 (yaani vijia 25 vya oili vilivyopangana), paipu za kusuka zinang'aa, halafu ukimuuliza oili yake inafika digrii ngapi anakuonyesha sindano ya dashibodi. Sindano ile ni ya maji. Na hata kwa maji imetengenezwa ikae katikati ndani ya nafasi pana ili dereva asipate wasiwasi. Ikianza kusogea, mambo yameshaharibika.

Funga geji ya joto la oili, na ya presha kama mfuko unaruhusu. Endesha wiki mbili tatu kama unavyoendesha siku zote, kisha siku moja endesha kama unavyopenda kuendesha. Andika namba.

Mimi nazisoma hivi. Oili kati ya digrii 90 na 110 iko nyumbani. Ikifika 120 kwa muda mfupi, kisha ikashuka ulipolegeza, oili nzuri ya sintetiki itavumilia. Ikikaa juu ya 120, au ikagusa 130, hapo una sababu ya kutoa pesa.

Mfano wa karibu: gari langu mwenyewe, STI ya 2006. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa mwendo wa kawaida, mchana, joto la nje digrii 33 pale Voi, oili ilikaa 96 hadi 101 njia nzima. Hata kwenye miinuko baada ya Mtito Andei haikupita 104. Mtu yule yule, gari lile lile, siku ya mbio kwenye uwanja wa Athi River: mzunguko wa pili 112, wa tatu 121, wa nne 128 na presha imeshuka kuliko ninavyopenda. Nikatoka nje. Safari ya Nairobi haikunidai kipoza, uwanja ulinidai.

Sasa jipime. Kama gari lako ni la kwenda kazini na kwenye harusi, na geji haijawahi kuona 110, pesa hiyo weka kwenye oili nzuri na filta halisi, ubadilishe mapema.

Sensa ya geji niifunge wapi?

Pleti ya sandwichi, ile inayokaa kati ya filta na injini na kupeleka oili kwenye kipoza, mara nyingi huja na matundu ya sensa yakiwa yamezibwa kwa plagi. Kama bado huna pleti, unaweza kutumia nati ya kumwagia oili iliyotobolewa kwa sensa, ingawa kwa barabara zetu za matuta sipendi kitu kinachoning'inia chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kwa presha, wengi hutumia tundu la swichi ya presha lililo chini ya oltaneta. Angalia sana hapo: thredi ya Subaru ni BSPT ya 1/8, yenye mikato 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Marekani ni NPT ya 1/8, mikato 27. Zinafanana machoni, na ile ya NPT itaingia mizunguko miwili kwa upole kabisa, halafu ya tatu inakula aluminiamu ya bloku. Nunua adapta. Ni kitu kidogo mno kukifanyia ubahili.

Oili ikizidi joto inaharibu nini hasa?

Inakuwa nyepesi. Oili ya daraja la 40 kwenye digrii 100 ina uzito wa kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoku. Chukua 5W-40 ya kawaida yenye 14. Ipeleke digrii 130, inabaki na 8 hivi. Yaani ulinunua 40, lakini beringi zinaona kitu chepesi kuliko 30 inavyokuwa kwenye digrii 100.

Na beringi za EJ hazina anasa. Injini ya boksa ni fupi, kirankishafti yake ni fupi, basi beringi za konrodi ni nyembamba. Utando wa oili ukikatika pale, hata kwa sekunde, chuma kinagusana na chuma. Ule mlio wa kugonga ambao kila mwenye Subaru anauogopa ndipo unapozaliwa. Turbo nayo inategemea oili hiyo hiyo. Ikiungua ndani ya nyumba ya turbo inaacha masizi magumu kama ya sufuria ya ubwabwa.

Lakini nisikudanganye. Injini nyingi za EJ zilizogonga nilizozifungua hazikufa kwa joto. Zilikufa kwa oili kuwa chini ya alama, kwa oili kukimbia upande mmoja wa sampu kwenye kona ndefu, au kwa bomba la kunyonyea oili kupasuka pale lilipochomelewa. Kipoza hakitibu hata moja kati ya hayo matatu. Kama uko chini ya gari na sampu imeshuka, badilisha lile bomba la kunyonyea kwanza, kipoza kisubiri mwezi ujao.

Safu ngapi zinanitosha?

Watu hununua kikubwa kama wanavyonunua godoro. Kwa STI inayotembea barabarani na kuingia uwanjani mara chache kwa mwaka, safu 13 hadi 19 zinatosha. Safu 25 ni za gari linalokimbizwa kweli kweli, lenye nguvu iliyoongezwa. Safu 10 zinafaa gari lisilo na turbo. Za 34 huwa naziona kwenye picha.

Upana wa kipoza una maana sawa na idadi ya safu, na hewa ina maana kuliko vyote viwili. Safu 13 zinazopigwa na upepo wa mbele zinashinda safu 25 zilizofichwa nyuma ya bampa bila tundu.

Jambo moja kwa walio Nairobi na juu zaidi: kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko huku pwani, basi kila safu inafanya kazi kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi, wakati turbo yako inajitutumua zaidi kufikisha busti (msukumo wa hewa) ile ile. Hali ya hewa ya baridi inafidia sehemu ya hasara hiyo. Mtu wa Limuru asijisikie salama sana kwa sababu anavaa sweta.

Lazima thamostati?

Lazima. Swali hili nimelijibu mara nyingi mpaka mke wangu analijua.

Pleti ya sandwichi yenye thamostati inaacha oili izunguke ndani ya injini mpaka ifike digrii 80 au 85 hivi, ndipo inaipeleka kwenye kipoza. Bila thamostati, oili ya asubuhi inatumwa moja kwa moja mbele kupigwa upepo, na gari la kwenda kazini kilomita sita halifikishi hata digrii 70. Oili baridi ina hasara zake: maji na petroli vinavyochuruzika ndani yake havichemki vikaondoka. Utafungua kifuniko cha oili ukute uji wa rangi ya maziwa, uanze kulia kwamba gasketi ya kichwa imekwenda.

Mmoja alikuja kutoka Arusha na uji huo huo, amekwishaambiwa injini ishushwe. Tukabadilisha pleti tu.

Usishangae ukigusa paipu na kukuta zina uvuguvugu kabla ya digrii 80. Thamostati nyingi za aina hii huachia oili kidogo ipite muda wote, ili hewa isibaki kwenye kipoza na oili baridi isije kumiminika ghafla.

Kikae wapi?

Subaru ina bahati hapa. Intakula yake, kile kipoza hewa ya turbo, iko juu ya injini, chini ya lile pua la boneti, kwa hiyo mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC peke yake. Una nafasi tatu.

Ya kwanza ni katikati, nyuma ya tundu la chini la bampa, mbele ya kondensa. Upepo ni mwingi na paipu ni fupi. Hasara: hewa iliyopashwa moto na oili inaingia rejeta. Kwa safu 13 au 19 sijaona maji yakipanda kwa kiasi cha kunitia hofu, mradi kipoza kisizibe zaidi ya sehemu ndogo ya uso wa rejeta.

Ya pili ni pembeni, mbele ya tairi, kwenye nafasi ya taa za ukungu. Inapendeza, na rejeta inabaki huru. Ila hewa lazima iwe na pa kutokea. Nimeona kazi za watu: tundu zuri la kuingilia limekatwa, nyuma yake kuna plastiki ya fenda imefunga kila kitu. Hewa isiyo na mlango wa kutokea haiingii, inapita kando. Toboa ile plastiki nyuma ya kipoza, weka wavu.

Ya tatu ni chini ya gari. Hapana.

Kifunge kwenye raba, si chuma kwa chuma, kwa sababu mtikisiko wa murramu hupasua maungio ya aluminiamu polepole. Midomo ya paipu iangalie juu au pembeni, ili hewa itoke. Na mbele yake weka wavu wa waya. Jiwe moja linalorushwa na lori mbele yako linatosha kutoboa safu.

Paipu za aina gani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nimeona injini zilizouawa na paipu kuliko zilizouawa na joto.

Saizi inayotumika ni namba 10, yenye tundu la ndani la milimita 14 hivi. Ndogo kuliko hiyo zinabana mtiririko na presha inashuka. Ukinunua za kusuka kwa waya wa chuma, kumbuka kwamba waya ule ni msasa. Ukigusana na paipu ya AC au waya wa umeme, unakata. Mimi napendelea zilizosukwa kwa nailoni, au ninavalisha paipu soksi.

Yangu ilinifundisha. Niliipitisha karibu na ukingo wa mhimili wa mbele wa chasisi, nikaifunga kwa kamba moja ya plastiki, nikajiambia inatosha. Miezi minne baadaye, kilomita chache baada ya Mtito Andei, taa nyekundu ya oili ikawaka wakati naipita trela. Nilizima injini nikiwa bado natembea. Nilipofungua boneti, oili ilikuwa mpaka kwenye kioo. Kamba ya plastiki ilikuwa imelainika kwa joto ikaachia, paipu ikaegemea ukingo, ukingo ukafanya kazi yake. Injini ilipona, na najua ilipona kwa zile sekunde tatu. Sasa natumia klempu za chuma zenye raba, kila sentimita 20 hivi.

Kwenye EJ filta iko chini, imezungukwa na eksozi. Paipu zinazotoka kwenye pleti zinapita karibu nayo mtu apende asipende. Zivalishe mfuko wa kuzuia moto sehemu hiyo yote, na uache nafasi: injini hucheza kwenye maunti zake, basi paipu iliyokazwa kama kamba ya nguo itachomoka siku utakapoachia klachi vibaya.

Ukikata paipu mwenyewe, funga tepu nzito pale pa kukata, tumia diski nyembamba, kisha ipulize na kuiosha ndani mara tatu. Vipande vya raba vilivyobaki ndani vinakwenda moja kwa moja kwenye mfumo.

Je, wale wa paipu za haidroliki wanaweza kunitengenezea?

Wanaweza, na mara nyingi wanafanya kazi imara kuliko seti za mtandaoni. Maungio ya AN namba 10 na yale ya JIC ya mitambo ni ndugu: koni ya digrii 37, thredi ya 7/8 yenye mikato 14 kwa inchi. Kwa hiyo duka la paipu za tingatinga, liwe Industrial Area ya Nairobi, Shimanzi ya Mombasa au Gerezani Dar es Salaam, litakubania paipu kwa mashine ukiwa umesimama hapo.

Sharti moja: uliza joto. Paipu ya kawaida ya haidroliki imeandikiwa mwisho digrii 100, na oili yako inapita hapo. Taka yenye kuhimili 150. Akikwambia "zote ni sawa tu boss", msalimie uende duka linalofuata.

Halafu tepu ya fundi bomba usiiweke kwenye maungio haya. Yanaziba kwa koni, si kwa thredi. Kipande cha tepu kikimeguka ndani kinaweza kuziba tundu la oili lenye upana wa njiti ya kiberiti. Dondoshea thredi oili kidogo, kaza, basi.

Na angalia midomo ya kipoza chenyewe. Vipo vyenye M22 x 1.5, ambavyo vinahitaji adapta kabla ya kupokea namba 10.

Pleti ya sandwichi inafungwaje?

Kazi yenyewe ni saa moja ukiwa na jeki, stendi nzuri na mikono isiyo na haraka. Mwaga oili, toa filta. Hakikisha gasketi ya filta ya zamani imetoka na filta yake. Ikibaki imenata kwenye injini na ukaweka pleti juu yake, utakuwa na gasketi mbili zinazoteleza, na zitaachia siku ya kwanza presha ikipanda. Pitisha kidole, usiamini macho.

Thredi ya filta ya EJ ni M20 x 1.5. Nissan na Honda nyingi nazo ni hivyo, wakati Toyota nyingi ni za 3/4 yenye mikato 16, basi soma boksi. Geuza pleti ili midomo yake ikimbie eksozi, ishike hivyo, kisha kaza bolti ya kati. Ndipo filta irudi chini yake, kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya gasketi kugusa.

Kile kidude cha maji cha kiwandani kiachwe au kitolewe? Kwa gari la barabarani mimi nakiacha, kinasaidia asubuhi. Tatizo ni urefu. Kidude, pleti, filta: mnara ule unashuka chini, na matuta ya mitaani kwetu hayana huruma. Tumia filta fupi, na kama gari limeshushwa springi, pima kwa rula kabla hujaliteremsha kwenye jeki. Kwa gari la mbio tu, kitoe na uunganishe maji yapite moja kwa moja.

Mara ya kwanza kuwasha nifanyeje?

Usiwashe. Kipoza na paipu ni tupu, na zitameza kati ya nusu lita na lita nzima, kutegemea ukubwa. Kijaze kipoza kwa mkono kabla ya kukifunga, weka oili kiasi kilichozidi kawaida kidogo, kisha chomoa fyuzi ya pampu ya petroli. Piga stata sekunde kumi, pumzisha, piga tena, mpaka taa ya oili izime au geji ionyeshe presha. Rudisha fyuzi, washa, usikanyage.

Iache ilale sailensa, yaani inguruke taratibu bila kukanyagwa, huku wewe uko chini na tochi. Tazama kila ungio. Oili ikifika joto la kufungua thamostati, zima, subiri dakika kadhaa, pima kwa kijiti na uongeze. Kijiti cha Subaru kina ubishi wake, upande mmoja unasema hivi na mwingine vile, basi amini ulio chini. Endesha kilomita 50 karibu na nyumbani, kagua tena, ndipo uende unakotaka.

Fundi, baada ya kufunga presha imeshuka kidogo. Kuna shida?

Ikiwa ni kidogo, hapana. Umeongeza njia, oili inasuguana na kuta za paipu. Kanuni ya zamani ya mafundi ni PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 injini ikiwa moto, na bado naitumia kama kipimo cha jicho. Chini ya hapo tafuta paipu iliyopindika, maungio ya kona kali mengi mno, au beringi zilizokuwa zimechoka tangu zamani na sasa geji inakuambia ukweli.

Sasa naweza kutumia oili nyepesi?

Kaa na ile uliyokuwa nayo. Huku pwani naweka 5W-40 ya sintetiki kwenye turbo, na 10W-50 kwa anayekimbiza. Kumbuka tu kwamba kila ukimwaga, oili chafu inabaki ndani ya kipoza. Ndiyo sababu nyingine ya kubadilisha mapema.

Nimepata kilichotumika, kizuri, nusu ya bei. Nichukue?

Muulize muuzaji injini iliyokuwa nacho ilikufa na nini. Ikigonga injini, vumbi la beringi linajaa kwenye vijia vya kipoza, na hakuna namna ya kuosha utakayoiamini. Unalihamisha moja kwa moja kwenye injini yako. Hata wewe mwenyewe: ukifanya injini upya baada ya kugonga, kipoza cha zamani kitupe. Najua inauma.

Filta inakaa baada ya kipoza kwenye mpangilio wa pleti ya sandwichi, kwa hiyo itadaka baadhi. Lakini filta ikijaa hufungua njia ya pembeni na kupitisha kila kitu.

Bado nahitaji kuiacha injini ipumue kabla ya kuzima?

Ndiyo. Kipoza hufanya kazi oili ikiwa inatembea. Ukizima, oili iliyo kwenye turbo inasimama pale pale pa moto.

Feni ya umeme kwenye kipoza?

Kwa anayesimama kwenye foleni ya Nyali akiwa na safu 13, hapana. Ukiwa umesimama injini haizalishi joto la kutisha oili.

Kikipasuka njiani nifanyeje?

Zima injini. Usitafute kivuli, usitafute petroli stesheni, usisubiri kushuka mlima. Taa ya oili inawaka presha ikiwa imeshakwisha, na kutoka hapo hesabu ni ya sekunde.

Kama ni kipoza kilichotobolewa na paipu ni nzima, unaweza kuziunganisha paipu mbili ncha kwa ncha kwa kiungio cha namba 10 cha dume pande zote, oili ikazunguka bila kupita kwenye kipoza. Kama paipu ndiyo iliyokatika, usithubutu kuziba midomo ya pleti yenye thamostati na kuendelea: oili ikishika digrii 80 thamostati itajaribu kuipeleka kwenye njia uliyoifunga. Toa pleti nzima. Pleti nyingi hubanwa kwa bolti inayojifunga juu ya ile thredi ya asili ya filta, kwa hiyo ukiifungua, filta inarudi mahali pake kama gari lilivyotoka kiwandani, unajaza oili na kwenda zako.

Pale Mtito Andei nilikuwa na filta na nilipata oili, ila soketi ya kufungulia bolti ya kati ilikuwa Mombasa, ukutani, kwenye msumari wake. Nilisubiri saa tano. Yangu ni ya 27. Pima ya kwako. Siku hizi inakaa kwenye buti pamoja na lita nne za oili, filta fupi na kile kiungio, vyote ndani ya soksi kuukuu ya mpira wa miguu isipokuwa oili.